Mabinti Wote Waliitwa Vibia

Katika wodi ya wazazi ninamofanya kazi, mtoto akishazaliwa, akakaushwa na kuwekwa kifuani pa mama yake, tunamfunga plasta mkononi. Juu ya plasta hiyo tunaandika jina la mama, kwani mtoto mwenyewe bado hana jina. Kwa siku chache yeye ni "mtoto wa fulani" tu. Kisha mambo hugeuka. Mtoto anapata jina, na mama ndiye anayepoteza la kwake, akaitwa Mama Fulani mpaka uzeeni. Sisi tumezoea, na wengi wetu tunafurahia.

Nilizikumbuka plasta hizo niliposoma habari za akina mama wa Roma ya kale. Huko binti hakuwa na haja ya kutafutiwa jina. Kama baba yake alikuwa wa ukoo wa Vibius, yeye aliitwa Vibia. Akizaliwa mdogo wake wa kike, naye ni Vibia. Akija wa tatu, Vibia tena.

Mpenzi msomaji, huenda unajiuliza, muuguzi ana shughuli gani na koo za Roma? Nitakueleza. Katika kikundi chetu cha akina mama kanisani nilipewa zamu ya kutoa somo juu ya Perpetua, yule mama kijana aliyeuawa kwa ajili ya imani mjini Carthage mwaka 203. Jina lake kamili ni Vibia Perpetua. Alikuwa na mtoto mchanga aliyekuwa bado ananyonya. Nilipomaliza, wengi walisema "Amina". Lakini mama mmoja kijana, aliyekaa karibu na mlango, aliinua mkono akasema, "Samahani dada. Alimwachaje mtoto anayenyonya?"

Wazee wetu hawakulipenda swali hilo. Mmoja alimnyamazisha, akamwambia mambo ya imani hayaulizwi hivyo. Tulipotawanyika nilimfuata nje, nikamkuta analia. Alinieleza kwamba wa kwake alimwacha kijijini kwa bibi yake akiwa na miezi minne, kwa sababu alipata kazi mjini na nyumbani hapakuwa na senti. Sasa mtoto ana miaka mitatu, na anayemwita "mama" ni bibi yake. Niliona kwamba swali lile halikuwa la kumhukumu Perpetua. Alikuwa anajihukumu yeye mwenyewe.

Nilimwahidi kwamba nitamjibu. Nilirudi kusoma upya, nikaanzia mbali, kwenye ukoo ambao Perpetua alichukua jina lake. Haya ndiyo niliyoyakuta.

UKOO MDOGO

Mwanamume wa Roma kwa kawaida alikuwa na majina mawili au matatu. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe, kama Gaius au Lucius, nalo lilichaguliwa katika orodha fupi sana. La pili ndilo lililokuwa kubwa, yaani jina la ukoo. La tatu lilitofautisha mlango mmoja wa ukoo na mwingine. Kwa hiyo mtu akiitwa Gaius Vibius Pansa, yeye ni Gaius, wa ukoo wa Vibius, wa mlango wa Pansa.

Binti alipewa jina la ukoo kwa umbo la kike. Walipokuwa wengi waliongezewa neno la kuwatofautisha: Mkubwa, Mdogo, wa Tatu. Miaka ilivyoendelea ilikuwa desturi kumwongezea binti jina lingine, na ndivyo tunavyompata Vibia Sabina na Vibia Perpetua. Tena binti wa Roma hakubadili jina alipoolewa. Alizaliwa Vibia, akazikwa Vibia.

Ukoo huu haukuhesabiwa kati ya koo kubwa. Koo kama za Cornelius, Fabius na Julius zilikuwa na wakuu tangu zamani za kale. Akina Vibius walikuwa raia wa kawaida, na jina lao asili yake ni Kioski, lugha ya makabila ya Italia yaliyotawaliwa na Roma kabla ya kuingizwa katika uraia wake. Cheo cha konsuli kilikuwa kikubwa kupita vyote, na kila mwaka walichaguliwa makonsuli wawili. Hakuna mtu wa ukoo wa Vibius aliyekifikia mpaka mwaka 43 kabla ya Kristo.

Yafaa pia tufahamu kwamba kulichukua jina si lazima kuwe kuzaliwa kwa damu moja. Mtumwa akiachwa huru alichukua jina la ukoo wa bwana wake. Mgeni akipewa uraia alichukua jina la mkubwa aliyemsaidia kuupata. Kwa njia hiyo jina la Vibius lilivuka bahari likaenea mpaka Afrika. Kwa hiyo nikisema "ukoo", usidhani kwamba hawa wote walikula chungu kimoja. Walichoshirikiana kwa hakika ni jina.

KONSULI NA DAKTARI WAKE

Huyo wa kwanza kuwa konsuli ndiye Gaius Vibius Pansa. Julius Caesar alikuwa ameuawa mwaka uliotangulia, na nchi ilikuwa imegawanyika. Mwezi wa nne mwaka 43 K.K., Pansa aliongoza askari wapya kaskazini mwa Italia kupigana na Marcus Antonius. Katika vita hivyo alichomwa mkuki ubavuni. Walimpeleka mji ambao leo unaitwa Bologna, na baada ya siku chache akafa. Konsuli mwenzake, Hirtius, aliuawa vitani wiki hiyo hiyo.

Kilichonigusa mimi kama muuguzi ni habari ya daktari wake, aliyeitwa Glyco. Mgonjwa mkubwa alipokufa, Glyco alikamatwa, akashitakiwa kwamba ametia sumu kwenye jeraha. Brutus, mmoja wa wale waliomuua Caesar, alimwandikia Cicero barua kumtetea. Alisema mtu huyo ni mwema, na hakuna ambaye angepata hasara kubwa kwa kifo cha Pansa kuliko yeye. Sisi tulio hospitalini tunajua jeraha la ubavuni linavyoweza kuua bila sumu ya mtu yeyote. Vijidudu vinatosha. Lakini ndugu wa mgonjwa akiwa na uchungu hutafuta mkono wa mtu.

Baada ya makonsuli wote wawili kufa, njia ilikuwa wazi kwa kijana wa miaka 19 aliyeitwa Octavian. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa konsuli yeye mwenyewe. Miaka kadhaa baadaye akawa Kaisari Augusto, yule yule ambaye Luka anamtaja katika habari za kuzaliwa kwa Bwana Yesu, alipotoa amri watu waandikwe. Basi jeraha la mtu mmoja wa ukoo mdogo lilisaidia kufungua njia ya utawala wa Kaisari. Ila yeye Pansa, jina lake ni wachache sana wanaolikumbuka.

MKE WA KAISARI

Miaka zaidi ya mia moja ikapita. Sasa tunamwona Vibia Sabina, binti wa Lucius Vibius Sabinus. Mama yake, Matidia, alikuwa mtoto wa dada yake Kaisari Trajan. Yapata mwaka 100 Sabina aliozwa kwa Hadrian, akiwa bado msichana mdogo. Sheria ya Roma iliruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 12. Sihitaji kuwaeleza akina mama wenzangu mwili wa miaka hiyo ulivyo. Tunawaona wodini.

Mwaka 117 Hadrian akawa Kaisari. Sura ya Sabina ilichongwa katika mawe na kupigwa kwenye sarafu, na mwaka 128 tayari alikuwa anaitwa Augusta, jina la heshima kupita yote kwa mwanamke. Lakini hawakujaliwa mtoto. Alipokufa, mwaka 136 au 137, mumewe aliamuru ahesabiwe kuwa miongoni mwa miungu.

Je, Sabina mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani? Hapo ndipo penye shida. Yaliyoandikwa juu yake yaliandikwa na wanaume, tena zaidi ya miaka mia mbili baada ya kifo chake. Mmoja anasema Hadrian alimwona mke mwenye kisirani, na kwamba angekuwa mtu wa kawaida angemwacha. Mwingine anasema Sabina alijisifu kwamba ndiye aliyezuia mimba, asimzalie mume kama yule. Huenda ni kweli, huenda ni umbea wa barazani. Mwanamke asipozaa, watu hawakosi la kusema, Roma kama kwetu.

Kwa kinywa chake mwenyewe tunalo neno moja tu. Mwaka 130 alifuatana na mumewe kwenda Misri. Huko palikuwa na sanamu kubwa ya mawe iliyotoa sauti alfajiri jua linapochomoza, na wageni walikwenda kuisikiliza. Mguuni pa sanamu hiyo kuna mistari mifupi iliyochongwa kwa jina lake, ikisema kwamba ameisikia sauti hiyo mara mbili. Basi. Mke wa mtawala wa dunia, na tulichoachiwa ni kwamba asubuhi moja alisikia jiwe likilia.

MAMA MWENYE MTOTO GEREZANI

Sasa twende Carthage, mji uliokuwa pwani ya kaskazini ya bara letu, katika nchi tunayoiita leo Tunisia. Jimbo lile Waroma waliliita Africa, na kutoka hapo bara zima limepata jina lake.

Mwanzoni mwa mwaka 203 walikamatwa vijana waliokuwa wakijifunza imani ya Kikristo. Kati yao alikuwamo Vibia Perpetua, mwenye umri wa miaka 22 hivi, binti wa watu wenye heshima, aliyesoma vizuri na kuolewa kwa utaratibu. Baba yake na mama yake walikuwa hai, na alikuwa na ndugu wawili wa kiume. Habari za mume wake hazikuandikwa. Alikuwamo pia Felicitas, mtumwa, mwenye mimba kubwa, na wanaume kadhaa.

Perpetua alifanya jambo ambalo Sabina hakulifanya, au hakupata nafasi ya kulifanya. Aliandika. Aliyekusanya habari zao anasema kwamba sehemu kubwa ya maneno yale Perpetua aliyaandika kwa mkono wake mwenyewe, akiwa gerezani. Ni moja ya maandishi ya kale kabisa tuliyo nayo ya mwanamke Mkristo.

Anaandika nini? Mimi nilitazamia mahubiri. Nikakuta mama anayehangaika juu ya mtoto wake. Anasema gereza lilikuwa na giza ambalo hajapata kuliona. Joto lilikuwa kali kwa msongamano wa watu, na askari walikuwa wanawanyang'anya. Lakini lililomtesa zaidi ni wasiwasi juu ya mtoto. Mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliwapa walinzi fedha ili wafungwa wapate saa chache mahali penye nafuu. Hapo akaletewa mtoto akiwa amelegea kwa njaa, akamnyonyesha. Akazungumza na mama yake juu ya mtoto, akamtuliza ndugu yake, akamweka mwana mikononi mwao. Baadaye alipata ruhusa ya kukaa na mtoto humo gerezani. Anasema mara moja alipata nguvu, na mahali pale pakageuka kwake kama jumba la mfalme.

Akina mama, ni nani aliyewahi kukaa wodini na mtoto mgonjwa asiyeyafahamu hayo? Kitanda kinaweza kuwa kibovu, mbu wakawa wengi, lakini mtoto akinyonya mama anasema leo nimelala.

BABA NA MTOTO

Baba yake hakuwa Mkristo, naye alimpenda binti huyu kuliko ndugu zake wa kiume. Alikuja mara kadhaa. Mara ya kwanza alikasirika. Mara nyingine alikuja amechoka kabisa. Akamwomba azionee huruma mvi zake, amfikirie mama yake na mtoto ambaye hataweza kuishi bila yeye. Akambusu mikono, akajitupa miguuni pake, na badala ya kumwita binti akamwita bibi mkubwa. Perpetua hakumdharau. Anaandika kwamba alimwonea uchungu.

Siku ya hukumu baba alitokea na mtoto mikononi. Liwali wa muda, Hilarianus, naye alimsihi Perpetua atoe sadaka kwa ajili ya watawala, kwa kumhurumia baba na mtoto. Alikataa. Baba alipozidi kumvuta, liwali akaamuru mzee yule apigwe fimbo mbele ya watu. Perpetua anasema ilikuwa kana kwamba amepigwa yeye.

Baada ya hukumu ya kutupwa kwa wanyama, alimtuma shemasi Pomponius kwa baba yake kumwomba mtoto, kwani mtoto alikuwa amezoea kunyonya na kukaa naye gerezani. Baba akakataa kumtoa. Kisha Perpetua anaandika jambo ambalo nadhani ni mwanamke aliyewahi kunyonyesha tu angelikumbuka siku kama ile. Anasema kwa mapenzi ya Mungu mtoto hakutaka titi tena, na matiti yake hayakuvimba wala kuuma, ili asiteswe na wasiwasi wa mtoto pamoja na maumivu ya maziwa.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Kwa miaka yangu yote wodini nimewaona akina mama waliofiwa na mtoto, au waliotengwa naye ghafula. Siku ya pili au ya tatu maziwa yanajaa, matiti yanakuwa magumu kama jiwe, homa inapanda. Mwili haujui kwamba mtoto hayupo. Perpetua aliogopa maumivu hayo, na alipoepushwa nayo alimshukuru Mungu kwa maneno ya wazi. Hakuona aibu kuyaandika katika kitabu cha imani.

Felicitas naye alikuwa na shida yake. Sheria ilikataza kumuua mwanamke mwenye mimba, na aliogopa kwamba wenzake watamtangulia, naye auawe baadaye peke yake kati ya wahalifu. Walimwombea, na uchungu ukamshika katika mwezi wa nane. Alijifungua gerezani kwa taabu nyingi, mtoto wa kike. Mlinzi mmoja alimcheka kwa jinsi alivyokuwa analia. Mtoto huyo, njiti aliyezaliwa kwenye giza bila mkunga wa kutajwa, alichukuliwa na dada mmoja Mkristo akamlea kama binti yake.

Tarehe 7 Machi mwaka 203, siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari, waliingizwa uwanjani. Perpetua na Felicitas waliletwa wakiwa wamevikwa wavu tu. Hata umati ule uliokuja kutazama damu ulishituka kuona mmoja ni msichana mwororo, na mwingine maziwa yanamdondoka kwa kuwa amejifungua juzi. Wakarudishwa kuvishwa nguo. Waliachiwa ng'ombe mkali, kisha wakamalizwa kwa upanga. Ng'ombe alipomwangusha Felicitas, Perpetua alimwendea, akampa mkono, akamwinua. Binti wa watu wakubwa na mtumwa wakasimama bega kwa bega.

KAISARI NA TAUNI

Kuna Vibius mmoja zaidi wa kutaja. Mwaka 251 jeshi lilimtawaza Gaius Vibius Trebonianus Gallus, mtu wa Perugia katika Italia, kuwa Kaisari. Ukoo mdogo sasa ulikuwa umefika juu kabisa. Akamtawaza na mwanawe Volusianus pamoja naye.

Lakini wakati huo tauni kali ilikuwa inazunguka katika nchi zote za Roma. Gallus na mwanawe walisifiwa kwa kuhakikisha kwamba hata maskini kabisa wanazikwa ipasavyo. Hilo ni jema, ila mwaka 253 askari wao wenyewe waliwaua wote wawili. Cheo kile hakikuwasaidia hata miaka mitatu.

Tauni hiyo ilifika Carthage, mji ule ule, miaka hamsini hivi baada ya Perpetua. Askofu wa hapo, Cyprian, aliandika dalili zake: kuhara kusikokoma, kutapika, macho kuwaka, koo kuwa na vidonda. Watu walikimbia jamaa zao wenyewe. Cyprian aliwakusanya Wakristo, akawaambia kwamba kuwahudumia wa kwao tu si jambo la ajabu, wawahudumie na wale wasio wa imani yao. Wenye fedha wakatoa fedha, wasio nazo wakatoa mikono yao. Sisi tuliokuwa kazini mwaka 2020, wakati jirani alipoogopa hata kupokea salamu ya muuguzi, tunajua neno hilo lilikuwa na uzito gani.

JIBU LANGU

Sasa nirudi kwa mdogo wangu aliyeuliza swali pale karibu na mlango.

Nilimtembelea kwake Jumapili moja baada ya ibada. Sikumwambia kwamba Perpetua hakuumia, kwani aliumia, na aliandika kwamba aliumia. Wala sikumwambia kwamba kumwacha mtoto ni jambo jepesi ukiwa na imani. Mimi mwenyewe nikifika pale baba anaposimama na mtoto mikononi, moyo wangu huenda kwa baba. Naamini Mungu hakasiriki kwa hilo.

Nilimwambia hivi: soma tena uone ni watu wangapi waliompokea mtoto yule. Mama yake Perpetua alimpokea. Ndugu yake alimpokea. Pomponius alikuwa mjumbe wa kwenda na kurudi. Hata baba yule aliyekataa kumtoa, alikataa kwa sababu alimpenda. Na mtoto wa Felicitas, ambaye hakuwa na babu wa kumdai, alipata mama katika kanisa. Jina la ukoo wa Vibius halikumlea mtu. Konsuli alikufa kwa jeraha, mke wa Kaisari alikufa bila mtoto, Kaisari aliuawa pamoja na mwanawe. Watoto wawili wa gerezani walipata mikono ya kuwashika.

"Wewe hukumtupa mtoto wako," nilimwambia. "Ulimweka mikononi mwa bibi yake. Sasa kazi iliyobaki ni kwenda kumwona mara nyingi uwezavyo, na siku moja kumweleza mwenyewe ilikuwaje. Usiache watu wengine wamsimulie."

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nina daftari la ziada. Nilimpa lile la somo, kurasa nyingi zilikuwa bado hazijaandikwa. Mwezi uliofuata alikwenda kijijini siku nne. Alirudi akasema mtoto bado anamwita bibi yake mama, ila yeye amempa jina lingine, "mama wa basi". Alicheka aliposema hivyo, nami nikacheka.

Akina mama wenzangu, kabla sijafunga nina mawili ya kuwaomba.

La kwanza ni la kikazi. Mama anayelazimika kuacha kunyonyesha ghafula, ama kwa kufiwa ama kwa kutengana na mtoto, asiachwe peke yake na maziwa yake. Akamue kidogo tu, kiasi cha kupata nafuu, aweke kitambaa cha maji baridi, avae sidiria inayoshikilia vizuri bila kubana. Asifungwe kanga kwa nguvu kifuani kama tulivyofanyiwa zamani. Akiona sehemu imekuwa nyekundu na ya moto, au akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, asingoje jipu. Na mwenye mtoto hai anayekwenda kazini asiharakishe kuacha. Aulize kliniki namna ya kukamua maziwa na kuyahifadhi ili mtoto anyweshwe kwa kikombe.

La pili ni la kikundi chetu na vikundi vyenu. Mama kijana akiuliza swali gumu kanisani, tusimnyamazishe. Huenda anabeba gereza lake hapo hapo kwenye benchi. Tumsogelee tumuulize mtoto yuko wapi, analelewa na nani, na sisi tunaweza kushika upande gani.

Wodini juma lililopita nilimfunga plasta mtoto ambaye mama yake alikuwa peke yake, hana ndugu wa kumletea hata uji. Nilipoandika jina la mama, nilimtazama yule mtoto nikakumbuka binti wa Felicitas. Historia haikutuachia jina lake, wala la dada yule aliyemlea. Jioni nilimpigia simu mwenyekiti wa kikundi chetu. Asubuhi uji ulikuwa umefika.